Pikipiki, Betri na Mapafu ya Watoto Wetu



Wapendwa wasomaji, huenda baadhi yenu mtashangaa kuona ukurasa wa afya ukizungumzia pikipiki. Mmezoea kusoma hapa habari za malaria, maji safi, chanjo na lishe ya watoto. Mwezi huu tutataja betri, ekzosi, petroli na fundi. Tunaomba mtuvumilie mpaka mwisho, maana habari hii inafika hadi vyumbani mnamolala.

Swali lenyewe tumeulizwa na katekista mmoja anayehudumia vigango vya mbali. Pikipiki yake ni ya aina hizi mpya zisizo na kabureta. Katika muda wa mwaka mmoja amekwisha kununua betri mbili. Fundi wake akamwambia hivi: "Mzee, hivi vifaa vya kusafisha moshi ndivyo vinavyomaliza betri. Niruhusu nivikate, betri itadumu na pikipiki itakuwa nyepesi." Katekista akataka kujua kama maneno hayo ni ya kweli. Kisha akaongeza jambo ambalo lilitushtua kuliko lile la kwanza. Alisema kwamba pikipiki hulala sebuleni kwa kuogopa wezi, na kwamba kila alfajiri huiwasha humo humo na kuiacha ingurume kama robo saa ili betri ipate chaji, wakati watoto bado wamelala chumba cha pili.

Majibu yetu tunayatoa hapa mwanzoni, ili hata asiyeweza kusoma ukurasa wote ayapate. La kwanza: vifaa vya kusafisha moshi haviui betri, na visikatwe. La pili: kuwasha pikipiki ndani ya nyumba kunaweza kuua familia nzima, na desturi hiyo iachwe leo hii. Sasa tueleze sababu.

MOSHI WA PIKIPIKI UNA NINI NDANI YAKE?

Kama petroli ingeungua vizuri kabisa, kwenye ekzosi ungetoka mvuke wa maji na hewa ya kaboni dioksaidi tu, ile ile tunayoitoa sisi wenyewe tunapopumua. Lakini ndani ya injini nafasi ni ndogo na muda ni mfupi mno. Petroli haimalizi kuungua. Kwa sababu hiyo hutoka pia vitu vingine vinne ambavyo ni adui wa afya:

(a) Kaboni monoksaidi. Hii ndiyo gesi ya jiko la mkaa lililofungiwa chumbani. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Tutairudia hapa chini.

(b) Petroli isiyoungua. Ndani yake mna benzeni, kemikali ambayo mtu akiivuta kwa miaka mingi inaweza kumletea saratani ya damu.

(c) Gesi za naitrojeni. Hizi huchoma njia ya hewa na kuamsha pumu, hasa kwa watoto.

(d) Chembe za masizi na oili. Ni ndogo kiasi kwamba pua haiwezi kuzizuia. Hushuka mpaka ndani kabisa ya mapafu, na nyingine hupita na kuingia katika damu.

Wazee wetu wanazikumbuka pikipiki za zamani ambazo petroli yake ilichanganywa na oili. Zilipopita, njia nzima ilibaki na wingu la bluu. Moshi wa bluu maana yake ni oili inayoungua. Moshi mweusi maana yake ni petroli iliyozidi. Lakini msidanganyike kwamba pikipiki isiyotoa moshi wa kuonekana haina madhara, kwa kuwa gesi iliyo mbaya kuliko zote haionekani kamwe.

Mwaka 2013 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba hewa chafu ya nje ni miongoni mwa mambo yanayosababisha saratani kwa binadamu. Basi anayekaa kutwa nzima kwenye kijiwe cha bodaboda, na mama anayeuza vitumbua pembeni ya kijiwe hicho na mtoto mgongoni, wote wanavuta hewa hiyo.

VIFAA VYENYEWE NI VIPI?

Watengenezaji wa pikipiki waliwekewa sheria wapunguze uchafu huo. Kwa mfano India, ambako zinatoka pikipiki nyingi tunazoziona barabarani kwetu, iliweka sheria kali zaidi kuanzia tarehe 1 Aprili 2020. Tangu hapo pikipiki ndogo nyingi za soko la huko ziliacha kabureta na kuanza kupuliziwa petroli kwa kipimo. Hapa kwetu pikipiki za kabureta bado ni nyingi, lakini zile za aina mpya zinaongezeka. Vifaa ambavyo fundi anaweza kuvitaja ni hivi:

Kwanza ni kataliti. Hiki ni kipande kilichofichwa ndani ya ekzosi, chenye vitundu vingi mfano wa sega la nyuki. Vitundu hivyo vimepakwa kiasi kidogo sana cha madini ya thamani kama platinamu na paladiamu. Moshi wa moto ukipita humo, kaboni monoksaidi hugeuzwa kuwa kaboni dioksaidi, na petroli iliyobaki humaliziwa kuungua.

Pili ni kijibomba cha hewa. Hiki huingiza hewa safi mahali moshi unapotokea kwenye injini, ili petroli iliyosalia iendelee kuungua ndani ya ekzosi badala ya kutoka mbichi.

Tatu ni kopo la mkaa. Limeunganishwa na tangi la petroli. Pikipiki inapoanikwa juani, mvuke wa petroli hunaswa na mkaa huo, kisha hurudishwa kwenye injini ikiwashwa.

Nne ni mtambo wa kupulizia petroli kwa kipimo. Una pampu ya umeme, kompyuta ndogo, na kipimo kilichochomekwa kwenye ekzosi ambacho hunusa moshi na kuiambia kompyuta iongeze petroli au ipunguze.

Inafaa tukumbushane kwamba kataliti isingeweza kufanya kazi kwetu wakati ule petroli ilipotiwa madini ya risasi, kwa sababu risasi huiua kataliti mara moja. Mwaka 2001 nchi za Afrika zilikubaliana huko Dakar kuachana na petroli hiyo, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikuwa zimeiacha. Watoto waliozaliwa baada ya hapo waliepushwa na sumu ambayo sisi wakubwa tuliivuta bila kujua. Ni neema ambayo haipasi kuchezewa.

JE, VIFAA HIVI VINAKULA BETRI?

Tuvihesabu kimoja kimoja.

Kataliti haina waya hata mmoja. Inafanya kazi kwa joto la moshi wenyewe. Haiwezi kula umeme kwa namna yoyote. Kopo la mkaa nalo, katika pikipiki nyingi, halina umeme au lina valvu ndogo tu. Kijibomba cha hewa katika pikipiki nyingi huendeshwa na mvuto wa injini. Katika nyingine kina valvu ya umeme, lakini inafanya kazi wakati injini inazunguka, na injini inapozunguka umeme unatoka kwenye koili za kuchaji.

Unabaki ule mtambo wa petroli. Huu ni kweli unatumia umeme. Ukifungua ufunguo, utasikia sauti ya "ziii" kwa sekunde 2 au 3. Hiyo ni pampu inayotayarisha petroli. Wengi wakiisikia husema, "Hapo ndipo betri inapoliwa." Hebu tupige hesabu. Tuseme pampu inatumia ampea 3 kwa sekunde 3. Betri ndogo ya pikipiki yenye kipimo cha ampea 5 kwa saa ingeweza kutoa mlio huo mara 2,000 kabla ya kuisha. Hakuna mtu afunguaye ufunguo mara 2,000 bila kuiwasha pikipiki.

Na kompyuta ndogo je, inayobaki macho hata ufunguo ukifungwa? Hiyo hutumia umeme mdogo sana. Hata tukisema inatumia sehemu moja ya elfu ya ampea usiku na mchana, kwa mwezi mzima itakuwa imekula kama sehemu moja ya saba ya betri hiyo ndogo. Pikipiki inayotembea kila siku haioni upungufu huo.

Hata hivyo, ndugu zetu mafundi hawakulitoa neno hili hewani. Kuna jambo la kweli ndani yake. Pikipiki nyingi za zamani zilipata umeme wa plagi moja kwa moja kutoka kwenye koili za injini. Betri ilikuwa ya honi na indiketa tu. Ikifa, mwenyewe alipiga kiki akaenda zake, pengine mwaka mzima bila kujali. Pikipiki ya aina mpya haikubali hivyo. Bila betri nzima pampu haisukumi, kompyuta haiamki, na kiki haisaidii. Kwa hiyo betri hazifi zaidi kuliko zamani, ila zamani zilikufa na hatukujua. Mtu anaona vifaa vipya, anaona na betri imemwangusha njiani, anaviunganisha viwili hivyo na kusema kimoja ndicho kilichoua kingine.

BASI BETRI INAULIWA NA NINI?

Wauaji wa betri wanajulikana, na wengi tunawafuga wenyewe:

1. Vifaa vya kuongeza. Redio yenye spika kubwa ikitumia ampea 2 kwa saa 2 injini ikiwa imezimwa kijiweni, inakula ampea 4 kati ya zile 5. Hapo pikipiki haiwaki tena. King'ora cha wezi na kifaa cha kufuatilia pikipiki vikiungwa ovyo hunyonya usiku na mchana. Tuseme vinatumia sehemu 20 za elfu za ampea: ndani ya siku 10 hivi betri hiyo imekwisha.

2. Safari fupi fupi na kusimama muda mrefu injini ikinguruma polepole. Injini ikienda polepole hutoa umeme kidogo. Taa kubwa ya wati 35 peke yake inataka karibu ampea 3. Kwa hiyo kuiacha pikipiki ingurume pale pale hakuisaidii sana betri. Kinachosaidia ni safari ya mwendo wa kawaida, nusu saa au zaidi.

3. Kuchaji kulikozidi au kupungua. Kile kifaa kinachodhibiti chaji kikiharibika, betri hupokea umeme mwingi mno, maji yake yanachemka na kukauka, au hupokea kidogo na kubaki na njaa.

4. Kukaa bila chaji. Betri iliyoisha ikiachwa wiki kadhaa, sahani zake za ndani huganda chumvi ngumu, na haipokei tena chaji kama mwanzo.

5. Joto, mtikisiko, na nyaya zilizolegea au kuota kutu.

Katekista wetu tulimwomba aende kwa fundi mwenye mita ya umeme. Fundi huyo alitoa waya mmoja wa betri akapima ni umeme kiasi gani unaotoka wakati ufunguo umefungwa. Ikaonekana ni king'ora, alichofungiwa mwaka uliopita baada ya jirani yake kuibiwa. Kilikuwa kimeungwa vibaya na kilikuwa kikinyonya bila kupumzika. Hiyo ndiyo sababu betri ilikuwa haina nguvu kila asubuhi. Kataliti haikuwa na kosa lolote.

Na ninyi mnaweza kuomba kipimo hicho hicho. Betri nzima iliyopumzika inasoma kama volti 12.6 hadi 12.8. Ikisoma chini ya 12, imekwisha chaji. Injini ikizunguka kwa kasi ya wastani, isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikizidi 15, mdhibiti wa chaji ameharibika. Kipimo hiki huchukua dakika chache, na bei yake haiwezi kulinganishwa na bei ya betri mpya.

JAMBO LENYEWE LIKO KINYUME

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo wengi hawalijui. Kisafisha moshi hakiharibu betri, bali betri mbovu ndiyo inayoharibu kisafisha moshi.

Betri ikiwa dhaifu, stata inazungusha injini kwa kusuasua. Moto wa plagi unakuwa hafifu. Petroli inaingia lakini haiungui, nayo inapita mbichi mpaka kwenye ekzosi. Ikifika kwenye kataliti yenye moto, huungulia pale pale, na joto hupanda kupita kiasi. Vile vitundu vya sega huyeyuka au kuziba. Ekzosi ikiziba, pikipiki inakosa nguvu. Hapo ndipo fundi anaposema, "Unaona? Kataliti ndiyo inayokuchosha," akachukua msumeno na kuikata.

Baada ya kukatwa, pikipiki inapiga kelele. Kile kipimo cha kunusa moshi kikiondolewa pia, kompyuta inakosa habari na kubahatisha. Mara nyingi humimina petroli zaidi ya inayohitajika, na taa ya injini inawaka kwenye dashibodi siku zote. Mwenye pikipiki analipa petroli zaidi, na watoto wa mtaa wanavuta kaboni monoksaidi na benzeni ambavyo vingegeuzwa ndani ya ekzosi. Na betri? Itakufa kama kawaida, kwa sababu muuaji wake bado yupo.

Kwa hiyo anayetaka kisafisha moshi chake kidumu, aitunze betri. Na anayetaka betri idumu, aache kukisingizia kisafisha moshi na amtafute mhusika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

PIKIPIKI SEBULENI

Turudi kwenye lile la hatari kuliko yote. Tunajua kwa nini familia nyingi hulaza pikipiki ndani. Ni mali ya mkopo, ni chakula cha watoto, na wezi hawana huruma. Hatuwalaumu. Tunasema tu kwamba ilale ikiwa imezimwa, na isiwashwe kamwe ndani ya kuta.

Damu yetu hubeba hewa ya kupumua kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini. Kaboni monoksaidi ikiingia, inang'ang'ania mahali hapo hapo pa hewa kwa nguvu zaidi ya mara 200. Mtu anapumua vizuri, kifua kinapanda na kushuka, lakini mwili unakosa hewa. Kwanza kichwa kinauma. Halafu kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, miguu kulegea, na akili kuchanganyikiwa. Aliye macho anaweza kudhani ni malaria au chakula kibaya. Aliyelala hapati hata nafasi ya kudhani, kwa maana usingizi wake unazidi kuwa mzito mpaka mwisho.

Wanaoumia upesi ni watoto wachanga, wazee, wagonjwa wa moyo na mama wajawazito. Mtoto aliye tumboni anaweza kudhurika kuliko mama yake.

Wengine watasema, "Yangu ina kataliti, haina shida." Sivyo. Kataliti haifanyi kazi mpaka ipate moto mkali. Dakika za kwanza baada ya kuwasha, wakati injini ingali baridi, ndizo zenye gesi nyingi. Na hizo ndizo dakika ambazo pikipiki huwa sebuleni. Kufungua dirisha moja pia hakutoshi. Isukumeni nje kwanza, mbali na mlango na madirisha, ndipo muiwashe.

Mkimkuta mtu ameanguka mahali palipo na injini inayowaka:

– Fungueni milango yote, zimeni injini, mtoeni nje upesi. Anayeingia asikawie ndani, asije akaanguka naye.
– Kama hapumui, aliyefundishwa huduma ya kwanza aanze kumpa pumzi.
– Mpelekeni hospitali hata kama amezinduka na anasema hajambo. Waelezeni wauguzi wazi kwamba alivuta moshi wa injini. Hospitali ina hewa ya oksijeni, na hiyo huitoa gesi katika damu upesi zaidi kuliko hewa ya kawaida.
– Msimpe maziwa wala maji kwa nguvu. Maziwa hayaondoi gesi hii.

Tena, kama watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaamka na maumivu ya kichwa, na yanaisha wakitoka nje, msikimbilie dawa za duka. Angalieni kwanza pikipiki, jenereta na jiko la mkaa.

BETRI ILIYOKUFA BADO INA MENO

Mtaona sasa kwa nini ukurasa wa afya unajali betri idumu miaka mingapi. Kila betri inayokufa mapema ni furushi la risasi na tindikali linalotafuta mahali pa kutupwa. Mara nyingi linatupwa nyuma ya nyumba, watoto wanapochezea.

Risasi tunayosema hapa ni ile metali nzito iliyomo kwenye sahani za betri. Ikiingia mwilini mwa mtoto kwa vumbi au mikono michafu, huharibu ubongo unaokua. Anakuwa mzito wa kujifunza, na madhara hayo hayarudi nyuma. Huko Thiaroye-sur-Mer, kando ya jiji la Dakar nchini Senegal, watu walikuwa wakivunja betri chakavu na kuchekecha udongo wenye risasi majumbani mwao. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walifariki. Karibu nasi zaidi, katika mtaa wa Owino Uhuru huko Mombasa, wakazi walidhurika kwa risasi ya kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu. Mama mmoja aliyewahi kufanya kazi hapo, Phyllis Omido, aligundua kwamba mtoto wake mwenyewe alikuwa na risasi mwilini. Aliongoza wenzake kudai haki, kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya watetea mazingira.

Kwa hiyo betri isivunjwe nyumbani, sahani zake zisiyeyushwe kutengenezea vizito vya nyavu za kuvulia samaki, na tindikali yake isimwagwe chini. Irudisheni dukani mnaponunua mpya, au muuzieni mnunuzi anayezichukua nzima bila kuzimwaga.

LA KUFANYA NYUMBANI

1. Pikipiki iwashwe nje tu, hata mvua ikinyesha.

2. Betri ichajiwe mahali penye hewa, mbali na moto na sigara. Wakati wa kuchaji hutoa gesi inayoweza kulipuka. Zimeni chaja kwanza ndipo mtoe nyaya.

3. Betri ya kufunguka iongezewe maji maalumu ya betri pekee yasiyo na tindikali, si ya bomba wala ya kisima, na mwongezaji avae miwani. Betri iliyozibwa kiwandani isifunguliwe.

4. Tindikali ikimrukia mtu machoni au mwilini, mwosheni papo hapo kwa maji safi mengi yanayotiririka, kwa dakika 20, kisha mpelekeni hospitali. Msimpake mafuta.

5. Petroli isifyonzwe kwa mdomo na mpira. Ikishuka kwenye mapafu huleta homa kali ya mapafu. Aliyeimeza asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitali.

6. Ekzosi ni ya moto. Mtoto akiungua mguu, mwagieni maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, unga na mafuta ya taa havifai.

7. Kabla ya kununua betri mpya ombeni kipimo cha mita, na muulize: chaji inasoma ngapi? Kuna kitu kinachonyonya ufunguo ukiwa umefungwa? Vifaa vyote vya kuongeza viungwe na fundi wa umeme, penye fyuzi.

8. Kama fundi anataka kukata kitu kwenye ekzosi, mwambieni kwa upole, "Fundi, nionyeshe kwanza waya wake." Kataliti haina waya.

MANENO YA MWISHO

Mnapokutana katika jumuiya ndogo ndogo, tunaomba jambo hili lizungumzwe, hasa na vijana wetu wa bodaboda. Wao ndio wanaovuta moshi mwingi kuliko wote, na wengi wao wamenunuliwa pikipiki kwa jasho la wazazi. Tuwaombe pia wazime injini wanapongojea abiria mlangoni mwa kanisa, shule na zahanati. Wanaookoa petroli ni wao wenyewe, na wanaopona ni wale wasioweza kukimbia moshi.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alikumbusha kwamba moshi wa magari na viwanda hudhuru afya za watu, na kwamba maskini ndio huumia zaidi. Amri ya kutokuua inahusu pia yale tunayoyatoa nyuma ya pikipiki zetu bila kugeuka kutazama.

Katekista wetu sasa anaisukuma pikipiki yake nje kila alfajiri, na mke wake humshikia taa. King'ora kimeungwa upya. Kataliti ipo mahali pake. Watoto wanaendelea kulala mpaka kengele ya asubuhi ilie, nao wanaamka.